Geji si floti

Nimemsikia mara nyingi mno mwenye gari la zamani akilalamika kwamba "geji imekufa", yaani ile ya mafuta kwenye dashibodi, kisha akanunua dashibodi ya mtumba, akaifunga, na mshale ukabaki umelala pale pale kwenye E, alama ya tangi tupu. Geji yake ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kifaa kilichomo ndani ya tangi, ambacho mafundi wengi hukiita floti.

Floti ni boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda au kushuka, ncha ya mkono huo huteleza juu ya utepe wenye ukinzani wa umeme, na geji huonyesha kiwango kulingana na umeme unaopita. Utepe ukilika, mshale hurukaruka. Boya likitoboka, huzama, na geji husema tangi ni tupu hata likiwa limejaa.

Mkanganyiko wenyewe una historia. "Geji" tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa Ufaransa ya kaskazini, lilikohusu ufito wa kupimia mapipa. Kwa hiyo anayekiita kifaa cha ndani ya tangi "geji" ana haki kidogo, kwa kuwa geji ya kwanza ilitumbukizwa chomboni, kama vile madereva wa malori wanavyotumbukiza kijiti mpaka leo. Lakini gari limeigawa kazi hiyo mara mbili: kimoja kinapima, kingine kinaonyesha. "Boya" nalo ni neno la Kireno lililokwisha kuwa letu, na ningelipendelea kuliko "floti", isipokuwa vijana wamelifanya tusi la mtu mjinga, na sidhani kama muuza spea atapenda kuulizwa kama yeye ana boya. Wanaosema "sensa ya mafuta" wanaeleweka, ingawa mimi bado husikia watu wakihesabiwa.

Tofauti hii ina gharama. Floti za magari mengi ya General Motors, kuanzia 1965 hadi miaka ya 1990, zilisoma omu (kipimo cha ukinzani) 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Ford nyingi za zamani zilikwenda kinyume, takriban 73 tupu na 10 likijaa. Ukifunga floti inayoingia tunduni vizuri lakini haikutengenezewa geji yako, utasoma uongo kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana mita ya fundi ya kupimia ukinzani hutangulia spana: chomoa waya wa floti, pima ukinzani wake huku mkono ukipandishwa na kushushwa, na uangalie kama namba inabadilika taratibu bila kukatika. Ikiwa geji ya mafuta na ya joto zimeharibika pamoja, mara nyingi tatizo liko kwenye kidhibiti cha volti au athi ya dashibodi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), wala tangi halihusiki.

Ikithibitika ni floti, punguza mafuta tangini, toa waya wa betri, fanya kazi penye hewa na pasipo moto, na weka mpira mpya wa kuzibia, kwani ule wa zamani huwa umekauka na utavujisha harufu ya petroli.

Kwa hiyo fundi akikwambia geji imekufa, usibishane naye. Mwulize tu, kwa upole, ile ya mbele ya usukani au ile ya tangini.