Lubumbashi–Kinshasa: kuenda na kurudi ni sawa

Hapa Lubumbashi batu banasemaka tangu zamani ati ndege ya Kinshasa inachukua saa moja na nusu, lakini kurudia ni saa tatu na nusu juu ya upepo. Hapana. Luano (uwanja wa ndege ya Lubumbashi) mpaka N'djili (ile ya Kinshasa) ni kama kilomita 1,550, jet inapita saa mbili na kitu, ikuwe kuenda ao kurudi, upepo inabadilisha paka dakika. Shida ni saa: siye tuko mbele ya Kinshasa saa moja, kwa hiyo ukitoka huku saa ine asubui, kule unakuta saa tano na nusu, na ukitoka kule saa ine, huku unashuka saa saba na nusu. Kwa tiketi, kila saa ni ya muji yake.