Somo la dini Uingereza halimtoi mtoto kwenye dini yake

Mtoto karudi na daftari lenye picha ya taa ya Diwali, chini yake kaandika kwa nini Wahindu huiwasha. Mama kashtuka: "Wanamtoa kwenye Uislamu!" Hofu hii naisikia sana kwa wazazi wenzangu tuliotoka Mombasa na Zanzibar tukahamia London, na naielewa. Kwetu somo la dini ni malezi ya imani. Kenya, Muislamu ana mtihani wake, Mkristo wake, Mhindu wake.

Shule za kawaida za serikali huku England zina njia nyingine. Tangu 1988, sheria ya elimu inataka mtaala utambue kwamba mila za dini nchini kwa sehemu kubwa ni za Kikristo, lakini uzingatie pia mafundisho ya dini nyingine kuu. Mtaala wa halmashauri hupangwa na kamati ambamo wawakilishi wa dini mbalimbali wamo, Waislamu wakiwemo. Mtoto huulizwa Wahindu wanaamini nini. Haambiwi aamini hivyo. Darasa hilohilo litafika kwenye Ramadhani, na hapo mwanao ndiye atakayewaeleza wenzake futari ni nini.

Kinachowachanganya wengi ni ibada ya pamoja ya kila siku, ambayo nayo ipo kisheria. Hiyo ni mbali na somo. Mzazi anaweza kumtoa mtoto katika ibada, katika somo, au vyote viwili. Shule za kidini, kama za Kikatoliki, zina utaratibu wao. Kabla hujaandika barua ya kumtoa, omba uonyeshwe mtaala, kisha keti na mwanao mlifungue lile daftari.