Maswali na majibu: Picha za kompyuta katika upasuaji wa mapafu

Uhalisia ulioongezwa ni nini?
Ni teknolojia inayoweka picha za kompyuta juu ya kile unachokitazama. Mgonjwa hupigwa CT (picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka) kabla ya upasuaji, kisha programu huchora pafu lake kwa pande tatu: mishipa ya damu, njia za hewa na uvimbe, kila kimoja na rangi yake. Daktari huuona mchoro huo kwenye miwani kama HoloLens, au kwenye skrini pamoja na picha ya kamera iliyoingizwa ndani ya kifua.

Macho na vidole havitoshi?
Mara nyingi havitoshi. Siku hizi mapafu hupasuliwa sana kupitia matundu madogo, na vidole havifiki vizuri. Kivimbe kidogo, hasa kinachoonekana kwenye CT kama ukungu, hata kikiguswa huenda kisihisike. Isitoshe, utafiti wa Japani uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa kwa saratani iliyo pembeni mwa pafu na isiyozidi sentimita 2, si lazima kuondoa lobu nzima, yaani moja ya sehemu kubwa za pafu. Kipande chake kinaweza kutosha. Lakini mpaka wa kipande hicho hauonekani kwa macho, na mishipa hutofautiana mtu na mtu.

Mchoro huo unaaminika?
Hapa ndipo penye kazi. CT hupigwa mgonjwa amelala chali, kavuta pumzi. Mezani hulazwa ubavu, na mtaalamu wa usingizi hulifungia hewa pafu linalopasuliwa ili linywee, mgonjwa akipumua kwa lile jingine. Pafu lililonywea hubadilika umbo, na uvimbe huhama nalo. Ukiubandika mchoro wa awali juu yake bila kuurekebisha, utamwelekeza daktari pasipo. Ndiyo maana vituo vingine hupiga CT upya mgonjwa akiwa mezani. Mimi ningemwamini zaidi daktari anayeutumia mchoro kwa kulinganisha tu, kisha akahakikisha kwa njia nyingine. Mojawapo ni dawa ya indosianini: mshipa wa kipande ukishafungwa, dawa hudungwa, na chini ya kamera ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) pafu hung'aa isipokuwa kipande cha kukatwa.

Mgonjwa atahisi tofauti yoyote?
Hapana, atakuwa usingizini.

Nimweleze daktari nini mapema?
Kama una mzio wa dawa zenye iodini au tatizo la figo, sema kabla ya CT, kwani dawa ya kuonyesha mishipa huwa na iodini. Muulize pia atafanyaje mchoro usipolingana na pafu.