Tamasha la jamii la filamu fupi za Walatino: ni kitu gani hasa?

Ukisema tamasha la filamu, wengi wanaona zulia jekundu, magauni marefu na kamera zinawaka kila upande. Sasa hii ninayotaka kuielezea ni tofauti kabisa. Jina lake ni refu, tamasha la jamii la filamu fupi za Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na watengenezaji huru, na kila neno humo lina kazi yake, kwa hiyo nitalichambua neno kwa neno ila sitafuata mpangilio, naanza na lile ambalo watu huwa wanaliruka, yaani jamii.

Mwaka 1976, San Antonio, Texas, bwana mmoja anaitwa Adán Medrano alianzisha tamasha la filamu za Wachicano. Chicano ni jina ambalo Wamarekani wenye asili ya Meksiko walijichukulia wenyewe kwa fahari wakati wa harakati zao za kudai haki miaka ya 1960 na 1970, kuanzia mashambani kwa wachuma zabibu wa California hadi kwa wanafunzi waliotoka madarasani kugoma. Tamasha lile leo linaitwa CineFestival, linaendeshwa na kituo cha sanaa cha Guadalupe, upande wa magharibi wa jiji, na ndilo tamasha kongwe kuliko yote ya filamu za Walatino Marekani. (Medrano mwenyewe siku hizi anajulikana zaidi kwa kuandika kuhusu mapishi ya Wameksiko wa Texas, napenda sana kwamba mtu mmoja amebeba vyote viwili, chakula na sinema, maana vyote ni njia za watu kukumbuka walikotoka.)

Kwa nini pale na kwa nini wakati ule? Fikiria mtoto wa Texas ambaye shuleni anaadhibiwa kwa kuongea Kihispania, lugha ya mama yake, halafu jioni akienda sinema anamkuta mtu anayefanana na baba yake kwenye skrini ni jambazi, au ni mfanyakazi wa ndani asiye na jina, au ni yule mtu kavaa kofia pana amelala chini ya mti. Miaka na miaka watu walilipa tiketi kwenda kutukanwa. Kwa hiyo tamasha la jamii halikuanza na filamu, lilianza na watazamaji, watu walikuwa wapo tayari na hamu yao ipo, kilichokosekana ni filamu za kuwaonyesha, na hapo ndipo tofauti yake na matamasha makubwa ilipo. Cannes, lile tamasha kubwa la Ufaransa, lina soko kubwa, watu wanaenda kununua na kuuza. Tamasha la jamii linakusanya kwanza majirani, halafu linatafuta filamu zinazowahusu.

Chicago nao walianza mwaka 1985, na stori ya mwanzo wao naipenda kuliko zote: filamu 14, zikaonyeshwa kwenye ukuta wa zege, watu kama 500 wakaja kutazama. Ukuta tu, kitambaa cheupe chenyewe hakikuwepo. Tamasha hilo lipo mpaka leo na mwaka 2024 lilifikisha awamu ya 40. San Diego nao lao lilitokana na tamasha la filamu za wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mji upo mpakani kabisa na Tijuana ya Meksiko, na Los Angeles wakapata lao mwaka 1997, mmoja wa waanzilishi akiwa mwigizaji Edward James Olmos.

Sasa tuje kwenye fupi. Filamu fupi ni ya dakika ngapi? Jibu linategemea unamuuliza nani. Wale wa tuzo za Oscar wanasema dakika 40 kushuka chini, na majina yote ya mwishoni yanahesabiwa humo humo. Sundance, tamasha maarufu la filamu huru Marekani, wanakubali filamu ya chini ya dakika 50, Cannes wao wanataka isizidi 15. Matamasha ya jamii kila moja linajiwekea kiwango chake lakini ukweli wa kazi ni kwamba filamu ya dakika 8 au 12 ni rahisi kuchaguliwa kuliko ya dakika 35, sio kwamba ndefu ni mbaya, ila ile ya 35 inakula nafasi ya filamu tatu na anayepanga ratiba lazima awe ameipenda mno.

Na naomba hapa tuelewane vizuri, filamu fupi sio trela wala sio filamu ndefu iliyokatwa. Ni umbo lake lenyewe, kama hadithi fupi isivyokuwa riwaya iliyoishiwa karatasi. Mama anamsubiri mwanae arudi kazini na mwana anachelewa, basi, dakika tisa, na ukitoka humo una kitu kifuani. Kwa Walatino umbo hili lina historia yake pia, ile inayotajwa mara nyingi kama filamu ya kwanza ya Kichicano ni I Am Joaquin ya mwaka 1969, ya Luis Valdez na kundi lake la maigizo la Teatro Campesino, ni ya dakika kama 20 hivi na imetengenezwa kwa picha za mnato, yaani fotografia zimepangwa moja baada ya nyingine huku shairi la mwanaharakati wa Kichicano Corky Gonzales linasomwa juu yake. Hawakuwa na hela ya zaidi ya hapo, na bado ikawa mlango wa wote waliofuata.

Hela ndiyo inatupeleka kwenye neno huru. Watu wanachanganya sana hapa, wanadhani mtengenezaji huru ni mtu anayejitengenezea mambo ya ajabu ajabu ya kisanii, hapana, huru maana yake ni pesa haikutoka studio kubwa, basi. Pesa imetoka mfukoni, kwa shangazi, kwa michango ya mtandaoni, kwa ruzuku ndogo ya halmashauri ya jiji, kwa kamera ya kuazima chuoni. Na kwa sababu hakuna bosi aliyelipa, hakuna bosi wa kusema badilisha mwisho, au mtoe bibi asiongee Kihispania. Mfano unaoeleweka haraka ni dairekta Robert Rodriguez, mtoto wa San Antonio hiyo hiyo. Alianza na filamu fupi, waigizaji ni wadogo zake nyumbani, ile ya Bedhead ya mwaka 1991 ikazunguka matamasha na kushinda tuzo, halafu mwaka uliofuata akatoa El Mariachi, filamu ndefu kwa bajeti ya dola kama 7,000, na sehemu ya hela hiyo aliipata kwa kujitolea mwili wake kwenye majaribio ya dawa hospitalini. Alilenga tu soko la video la Kihispania. Studio kubwa ya Columbia wakainunua, Sundance 1993 ikapata tuzo ya watazamaji. Sisemi kila mtu atakuwa Rodriguez, wengi sana hawatakuwa, ninachosema ni kwamba bila mahali pa kuonyesha zile za dakika chache pengine yeye mwenyewe asingejua anaweza.

Halafu Walatino. Hawa ni watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaoishi Marekani, Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika, El Salvador, Kolombia na kwingineko, na sio rangi moja, kuna Mlatino mweusi, mweupe, mwenye asili ya wenyeji wa kale, mchanganyiko. Wala sio lazima aongee Kihispania, Mbrazili anaongea Kireno, na wajukuu wengi wa wahamiaji wanaongea Kiingereza tu na wanaona uchungu kwa hilo, ndiyo maana filamu nyingi fupi humo zinahusu mjukuu na bibi ambao hawaelewani lugha. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja kwa kila watano. Sasa weka hiyo pembeni ya hii: ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya serikali yao ya mwaka 2021 ilikuta kwamba mwaka 2019 Walatino walikuwa asilimia 12 ya wafanyakazi wa tasnia ya habari na filamu, wakati kwenye kazi nyingine zote ni asilimia 18. Pengo hilo ndilo sababu ya tamasha kuendelea kuwepo baada ya miaka karibu 50.

Tamasha lenyewe linafanyikaje? Kama miezi sita kabla wanatangaza kupokea filamu, siku hizi wengi wanapokelea kwenye jukwaa la FilmFreeway, unapakia filamu yako na kulipa ada, ukiwahi unalipa kidogo ukichelewa unalipa zaidi, wanafunzi mara nyingi wana punguzo. Watu wa kujitolea wanaziangalia zote, walimu, wapenzi wa filamu, wauguzi waliotoka zamu, wanatoa alama. Halafu anakuja yule anayepanga programu, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana kwa sababu filamu fupi haionyeshwi peke yake, inaonyeshwa kwenye bloku, filamu sita mpaka kumi zinazojaza kama dakika 80 au 90. Filamu ya huzuni ukiiweka baada ya nyingine ya huzuni watu wanachoka, vichekesho ukiviweka mara baada ya kifo unaharibu vyote viwili. Mpangaji mzuri anakupandisha na kukushusha mpaka unasahau kwamba watu kumi tofauti wametengeneza hicho unachokiona.

Siku yenyewe ukumbi ni wa watu 100, 200. Taa zikiwaka madairekta wanaitwa mbele, na hapo ndipo ninapopapenda mimi kuliko filamu zenyewe. Mzee ananyanyuka, haulizi kamera gani umetumia, anasema ule mtaa ulioonyesha nimekulia pale na lile duka halikuwa upande ule. Mama yake mwigizaji analia mstari wa pili. Dairekta aliyesomeshwa na walimu waliomsifu kwa miaka mitatu anagundua leo kwamba utani aliouweka dakika ya nne haukuchekesha mtu hata mmoja, na ule aliodhani hautaeleweka umepasua mbavu ukumbi mzima kwa sababu ukumbi mzima una shangazi kama yule. Huwezi kupata hicho YouTube, hata ukitazamwa mara laki moja. Halafu watu wanapiga kura ya karatasi, ile tuzo ya watazamaji, na majaji wanatoa yao pembeni, kisha wote nje kwenye meza ya tamale, chakula cha unga wa mahindi kilichofungwa kwenye maganda, na muziki.

Pesa za tamasha zenyewe ni kizungumkuti. Tiketi hazitoshi hata kidogo, kinachobeba ni migahawa ya mtaa, vyuo, jiji, na ruzuku za mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, na Mei 2025 mfuko huo ulifuta ruzuku nyingi za vikundi vya sanaa nchi nzima kwa ghafla, vikundi vingine vilikuwa vimeshaanza kutumia hela. Nikiliwaza hilo roho inaniuma kweli, kwa sababu tamasha kubwa litapata mfadhili mwingine ila la mtaani linaweza kufa kwa dola elfu kumi tu.

Kitu cha kuwa nacho makini: kuna matamasha hewa. Utaona bango la filamu limejaa yale majani mawili yaliyopinda kuzunguka jina la tamasha, alama ya kuchaguliwa, lakini ukifuatilia tamasha halina ukumbi, halina tarehe, halina mtazamaji, linatoa tuzo kila mwezi na linauza vyeti. Kabla hujalipa ada tafuta picha za mwaka jana zenye watu wamekaa kwenye viti, tafuta ratiba ya zamani, waulize madairekta walioonyesha huko. Tamasha la jamii la kweli lina anwani na lina majirani.

Mwisho kuna lile "na" katikati ya jina, Walatino na watengenezaji huru. Hiyo "na" ni milango miwili. Mmoja ni wa Walatino, na masharti yanatofautiana, kuna wanaotaka dairekta au mwandishi awe Mlatino, kuna wanaotaka stori tu iwe ya Kilatino. Mlango wa pili ni wa mtu yeyote huru, mara nyingi wa eneo lile lakini mara nyingine wa popote duniani, kwa hiyo hata mtu wa Mbagala au Kisumu mwenye filamu ya dakika 10 kwa Kiswahili anaweza akakuta mlango upo wazi. Soma masharti neno kwa neno, weka tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini na kama unaweza weka na toleo la Kihispania, hakikisha muziki ulioutumia una kibali, na ukichaguliwa lakini huna nauli waulize kama unaweza kuongea na watazamaji kwa video, yapo yanayokubali.