Maswali na Majibu: Dawa za Maumivu na Mbio za Jangwani za Hisani

Maswali haya yanatoka kwa wakimbiaji wa Mbeya na Iringa wanaojiandaa kwa mbio za jangwani ili kuchangisha fedha za hisani.

Mbio hizi ni za namna gani?
Ni mbio ndefu kuliko marathoni, zinazokimbiwa kwa hatua, siku baada ya siku. Zile za Sahara nchini Moroko, Marathon des Sables, zilianza mwaka 1986. Zina takriban kilomita 250, na mkimbiaji hubeba chakula chake mgongoni. Wachangiaji huahidi fedha, naye mkimbiaji huahidi kumaliza. Ahadi hiyo ya kumaliza ndiyo inayowaumiza wengi, hata wakiwa bado mazoezini.

Nimezoea milima ya Mbeya. Je, sijajiandaa?
Kwa pumzi umejiandaa, kwa joto bado. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai tunavaa makoti. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi kwenye joto ili uzoee. Shuka Kyela mapema, uanze polepole.

Nimeze diklofenaki kabla ya kukimbia ili miguu isiume?
Hapana. Jasho jingi hupunguza maji mwilini, na damu inayofika kwenye figo hupungua. Diklofenaki na ibuprofeni huzidi kubana mishipa inayozilisha figo wakati huohuo. Hapa hospitalini tunapokea vijana wenye pakiti ya vidonge iliyokunjwa mfukoni mwa bukta, nao hutueleza kwamba ni dawa ya kawaida tu, wamenunua dukani bila cheti. Kuuzwa bila cheti hakuifanyi iwe salama kwa mtu aliyekaukiwa maji.

Hata kidonge kimoja?
Hata kimoja.

Je, nikichomwa sindano?
Hapana. Sindano ya diklofenaki ni dawa ileile, na figo ni zilezile. Parasetamoli haibani figo kwa namna hiyo, lakini maumivu yanayokulazimisha kumeza dawa ili uendelee kukimbia yanakutaka upumzike.

Mkojo wangu umekuwa mweusi baada ya mazoezi. Ninywe maji nisubiri?
Usisubiri. Mkojo wa njano iliyokolea, unaopauka ukishakunywa maji, ni dalili ya upungufu wa maji. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni jambo jingine kabisa: misuli imevunjika na mabaki yake yanaziumiza figo. Acha kukimbia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Si kesho, si baada ya kujaribu mitishamba, si baada ya harambee. Wanaochelewa hufika wamevimba uso, hawakojoi, na baadhi yao hulazimika kusafishwa damu kwa mashine, ilhali wangewahi, pengine dripu za maji zingetosha.

Basi ninywe maji mengi kadiri niwezavyo?
Hapana. Maji matupu yakizidi hushusha chumvi ya damu na huweza kuleta degedege. Kunywa kwa kiu, na ule vyakula vyenye chumvi.

Mwenzangu ameanza kuongea ovyo juani. Nifanye nini?
Hicho huenda ni kiharusi cha joto, yaani mwili umepata joto kupita kiasi hadi ubongo unaathirika, hata kama bado anatoka jasho. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea huku mkiita msaada. Mpozeni kwanza, ndipo asafirishwe. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Watu wameshachanga. Nikiacha siku ya tatu nitawaambia nini?
Waambie ukweli, na ni bora uwaambie kabla ya kuondoka: andika kwenye kadi ya mchango kwamba fedha zitakwenda kwenye wodi au kisima, umalize usimalize. Kisha pima shinikizo la damu, sukari na figo wiki kadhaa kabla ya safari, na umweleze daktari kila dawa unayomeza, pamoja na ile uliyoinunua dukani.