Mrejesho hasi kwenye ampli ya lampu: uweke mwingi au kidogo?

Wapiga gitaa wa hapa Lubumbashi, hasa wa sebene (sehemu ya kasi ya rumba ya Kongo inayoongozwa na gitaa), wakiagiza ampli ya lampu (kikuza sauti kinachotumia vali za kioo, si transista) huomba kitu kimoja: sauti safi. Mafundi wengi hujibu kwa kuongeza mrejesho hasi. Mimi naona tuelewe kwanza unafanya nini.

Sehemu ndogo ya sauti inachukuliwa kwenye transfoma, upande wa spika, inapita kwenye rezista na kurudishwa nyuma ikiwa imegeuzwa. Inapingana na ile inayoingia, na tofauti tu ndiyo inakuzwa. Wazo hili ni la Harold Black, mhandisi wa Marekani, mwaka 1927, na alilitafuta kwa ajili ya simu, si muziki.

Tuseme bila mrejesho lampu zako zinakuza mara 100, nawe unarudisha 0.05 ya kinachotoka. Gawanya 100 kwa 6 (yaani 1 + 100 × 0.05): unabaki na mara 16.7 hivi. Umepoteza ukuzaji mwingi, ndiyo. Lakini lampu zikichoka, ukuzaji wa ndani ukashuka hadi 80, nje utapata mara 16. Ndani umepungukiwa asilimia 20, nje asilimia 4 tu. Hapo ndipo utulivu unapotoka.

Faida ya pili ni kuishika spika. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haibaki omu 8: kwenye besi, mahali inapopenda kutetemeka yenyewe, na tena juu kwenye sauti kali, omu zinapanda. Lampu kama EL34 au 6L6 bila mrejesho zinaifuata, yaani volti zinapanda pamoja na omu, basi besi inalegea na sauti kali inachoma. Kwa mpiga mi-solo (gitaa la kati ya solo na ridhimu), hilo linaharibu kazi.

Ila mrejesho haurekebishi ampli iliyofika mwisho wa nguvu zake. Lampu ikishindwa, hakuna cha kusahihisha tena, basi sauti inatoka kwenye usafi na kuingia kwenye mkwaruzo ghafla. Ampli ya Vox AC30 haina mrejesho huu kabisa, na mkwaruzo wake unakuja taratibu. Mpiga bluzi atakushukuru ukimwachia hivyo.

Ampli ya Fender Bassman 5F6-A inatumia rezista ya mrejesho ya kiloomu 27 kutoka kwenye waya wa transfoma wa spika ya omu 2. Ukiiga rezista hiyo lakini ukachukua sauti kwenye waya wa omu 8, volti zinazorudi zinakuwa mara mbili. Kwa hiyo usinakili namba ya rezista bila kutazama waya. Kwa sebene mimi huanza na mrejesho wa kutosha, halafu naupunguza mwenye gitaa akiwa anapiga.

Ukiunganisha mara ya kwanza na ampli ikapiga yowe, mrejesho umekuwa chanya, yaani unaongeza badala ya kupinga. Zima, kisha badilishana nyaya mbili za transfoma zinazokwenda kwenye anodi (ncha chanya) za lampu za mwisho, zile zinazosukuma spika. Kabla ya kugusa, maliza chaji ya kapasita kubwa (zinazohifadhi umeme) na upime kwa mita: volti 400 na zaidi zinaweza kubaki humo hata plagi ikiwa imetolewa ukutani.