Wanaokataa tiba kwa sababu ya dini: yanayosemwa Nairobi na yaliyo kweli

Tangu Aprili 2023, makaburi ya Shakahola yalipoanza kufukuliwa kule Kilifi, mtu akisema Nairobi kwamba dini yake haimruhusu tiba fulani, hutazamwa kama mfuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Hofu hiyo ina msingi: miili iliyopatikana ilizidi 400. Lakini kule waumini wanadaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa. Kumtia kapu hilo kila anayesita mbele ya daktari ni kosa, tena kosa lenye madhara, maana kila kundi lina mpaka wake.

“Mashahidi wa Yehova hawaendi hospitali.”

Wanaenda. Wanameza dawa, wanapasuliwa, na chanjo wanazikubali. Wanachokataa ni kuongezewa damu: damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani (zinazogandisha damu) na utegili, yaani majimaji ya damu. Msimamo huo wameushikilia tangu 1945, wakitegemea Matendo 15:28-29, panapoamriwa kujiepusha na damu. Kupandikizwa kiungo kumeachiwa dhamiri ya kila mmoja tangu 1980. Wengi hubeba kadi iliyotiwa saini, ili daktari ajue msimamo wao hata wakizirai.

Kwa hiyo mazungumzo na daktari yaanze mapema. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, damu ya mgonjwa huweza kuongezwa kwa madini ya chuma au kwa erithropoietini, homoni inayouchochea mwili utengeneze damu, na katika hospitali zenye vifaa damu inayomwagika hukusanywa, husafishwa na kurudishwa mwilini, njia ambayo baadhi yao huikubali. Penye dharura, hasa uzazi, mambo hubadilika. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi nchini Kenya, na mama anayevuja sana hana wiki mbili za kusubiri chuma kifanye kazi. Anayedai kwamba kila mara kuna njia mbadala iliyo sawa na damu anadanganya.

“Mkorino ukimwona na kilemba, ujue hamezi dawa.”

Hii ya zamani kidogo, na ilikuwa na ukweli wakati wake. Wakorino, Wakristo wavaao vilemba, walichipuka miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1920, na waanzilishi wengi waliikataa hospitali pamoja na mambo mengine ya mzungu. Enzi hizo misheni, shule, zahanati na serikali ya kikoloni vilionekana mkono mmoja, na mkono huo ndio uliowapiga risasi watatu wao katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934. Sishangai kwamba sindano yake haikuaminiwa. Leo Wakorino wana makanisa mengi yasiyofanana: wengi hutibiwa kama jirani zao, na baadhi bado hushikilia maombi pekee. Kilemba hakitakwambia ni yupi. Muulize mwenyewe.

Wakavonokya, waumini wa dhehebu jingine la Kikristo, ndio wanaokataa dawa kabisa, za hospitali na za kienyeji. Hao wako zaidi Tharaka na Kitui.

“Kanisa na hospitali haviivi chungu kimoja.”

Nairobi hii? Mater ya South B ilifunguliwa 1962 na masista wa Huruma. Hospitali ya Kikuyu, pembeni mwa jiji, ilianzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1908. Upande wa Uislamu, Aga Khan ya Parklands ni ya 1958. Ni kweli pia kwamba mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na mwaka uliofuata kampeni ya polio. Chanjo za kawaida hawakuzikataa.

“Akikataa hospitali, basi ni imani.”

Pengine ni bili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wanawake wawili zilikiukwa walipozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, kwa kuwa hawakuwa na pesa za kulipa. Watu mitaani husikia habari kama hizo. Anayesema “namwachia Mungu” huenda amekwisha kupiga hesabu akaona hatatoka wodini. Kumkemea imani yake hakutamsaidia. Muulize kwanza kama bima yake inafanya kazi.

“Ameombewa akapona, sasa aache dawa.”

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inanyakua ushindi wa dawa na kuugeuza kuwa sababu ya kuiacha. Anayetumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, vizuri hufika mahali kipimo kikaonyesha virusi havionekani. Karatasi hiyo ikipandishwa madhabahuni inakuwa ushuhuda. Ila virusi vimejificha tu, na dawa zikikatizwa hurudi. Wa kifua kikuu hujisikia vizuri baada ya wiki chache, ilhali tiba ya kawaida huchukua miezi 6. Akiiacha njiani, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, naye akaambukiza wengine ugonjwa huo sugu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akinyimwa insulini anaweza kufa katika siku chache. Wachungaji wengi huombea mgonjwa wakimhimiza aendelee na dawa, na hao hawasikiki kwenye vipaza sauti.

“Ni dini yake, sheria haigusi.”

Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, karibu ni hivyo: Ibara ya 32 ya Katiba inalinda dini yake, na daktari anahitaji ridhaa yake. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza anaweza kutengwa, ila si gerezani. Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2016, katika kesi ya wagonjwa wa kifua kikuu waliofungwa Kapsabet kwa kuacha dawa.

Kwa mtoto, sivyo. Ibara ya 53 inampa haki ya huduma ya afya na kuweka maslahi yake mbele ya yote, hata mbele ya msimamo wa wazazi, na mahakama inaweza kuamuru atibiwe. Surua haimngoji afikishe miaka 18 aamue. Chanjo yake Kenya hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18. Ukijua mtoto mgonjwa anayefichwa nyumbani, simu ya watoto ni 116, haitozwi, na afisa wa watoto au chifu pia anaweza kuchukua hatua.